Mlo wa Wanga Kidogo Unapokataliwa na Tumbo

Mgonjwa wa kisukari aina ya 2 anapoambiwa apunguze ugali, wali, chapati na viazi, sababu anayopewa ni sahihi: wanga humeng'enywa kuwa glukosi, na kadiri unavyopungua kwenye sahani ndivyo sukari ya damu inavyopanda kidogo baada ya kula. Hata hivyo, mara nyingi ushauri huo huishia kwenye damu, na tumbo halitajwi. Baada ya wiki mbili mgonjwa anarudia mlo wake wa zamani, si kwa ukaidi, bali kwa sababu amekaa siku nne bila kupata choo, au amejaa gesi hata anaona haya kuketi na watu. Kwenye kadi ya kliniki huandikwa kuwa hafuati masharti.

Ukweli ni kwamba mlo wa wanga kidogo hauna kipimo kimoja. Kwa kawaida huitwa hivyo mlo wenye wanga chini ya gramu 130 kwa siku, na ule mkali zaidi huwa na gramu 20 hadi 50 tu. Taarifa ya wataalamu iliyotolewa na Chama cha Kisukari cha Marekani mwaka 2019 ilikubali kuwa kupunguza wanga husaidia kushusha sukari, lakini ikasisitiza kuwa hakuna kiwango kimoja kinachowafaa wagonjwa wote. Mlo unaweza kurekebishwa bila kuachwa.

Tatizo la kwanza ni choo kigumu. Anayeacha ugali wa dona na maharage huacha pia nyuzinyuzi zilizomo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Pengo hilo huzibwa na mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia, bilinganya na parachichi, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na wanga kidogo. Maji nayo ni muhimu, kwa kuwa katika siku za mwanzo mwili hupoteza maji na chumvi kuliko kawaida. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza anywe kiasi gani.

Tatizo la pili ni gesi. Maharage, kunde, vitunguu na kabichi vina aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng'enya; bakteria wa utumbo mpana huzichachua na kutoa hewa. Kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo na kuyachemsha kwa maji mapya hupunguza sukari hizo. Inafaa kuanza na vijiko vichache na kuongeza taratibu.

Maziwa yana habari yake. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kuwa baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kumeng'enya sukari ya maziwa hata utu uzimani. Wengi wengine hawana. Glasi ileile humshibisha mmoja na kumharisha mwingine. Anayeharishwa na maziwa freshi huweza kuvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wameshapunguza sehemu ya sukari hiyo.

Tatizo la tatu ni mafuta. Wengi wanaopunguza wanga huongeza vyakula vya kukaanga, nyama yenye mafuta na tui zito. Mafuta mengi kwa mlo mmoja huchelewesha chakula tumboni na kuleta kichefuchefu au kiungulia. Kwa mwenye mawe katika mfuko wa nyongo, huamsha maumivu chini ya mbavu za kulia. Samaki wa kuchemsha, kuku bila ngozi na mayai hufaa zaidi.

Si kila kero ya tumbo hutokana na chakula. Metformini huharisha baadhi ya watumiaji, hasa mwanzoni. Kuinywa pamoja na chakula au kubadilishiwa aina inayoyeyuka polepole husaidia. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akipunguza wanga bila dozi kurekebishwa: atatetemeka, atatoka jasho na kuchanganyikiwa. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini anaweza kupata asidi nyingi katika damu hata kama sukari haijapanda sana. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo, na ni rahisi kudhani kuwa ni chakula kimemkataa. Huyo afikishwe hospitali mara moja.

Kwa wengine, njia salama ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kwa wiki nzima kuandika katika daftari alichokula, hali ya choo na sukari saa mbili baada ya mlo. Damu kwenye choo, kutapika mfululizo, ugumu wa kumeza, macho ya manjano au kukonda kusikotarajiwa havitibiwi kwa kubadili mlo, vinahitaji uchunguzi. Mhudumu naye, kabla ya kuandika kuwa mgonjwa hafuati masharti, amuulize anapataje choo.