Je, Mtoto Mchanga Huhisi Maumivu?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walifundishwa kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama ayahisivyo mtu mzima. Fundisho hilo halikubaki vitabuni. Hadi miaka ya 1980, watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya siku zao, waliweza kupasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli ili wasijitikise, lakini bila dawa ya kutosha ya kutuliza maumivu. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kulia wala kukunja uso. Naomba msomaji atue kidogo hapa: mtoto alinyamazishwa kwa dawa, kisha kimya chake kikahesabiwa kuwa ni utulivu.

Imani hiyo ilikuwa na mizizi yake. Mwaka 1941 mtaalamu wa Kimarekani, Myrtle McGraw, alitangaza matokeo ya kuwachoma kwa pini watoto 75 katika vipindi mbalimbali vya kukua kwao. Baadhi yao, katika siku zao za kwanza, hawakuonyesha dalili ya wazi, naye akaeleza kwamba ubongo wao ulikuwa haujapevuka. Wengine walisema kwamba mishipa ya fahamu ya mchanga haijavikwa bado ule utando wa mafuta uitwao mielini, kwa hiyo haiwezi kupeleka habari za maumivu. Hoja hii inashangaza, kwa kuwa hata katika mwili wa mtu mzima sehemu kubwa ya habari hizo hupita katika nyuzi zisizo na mielini kabisa. Kukosekana kwake hupunguza mwendo wa habari, hakuizuii kufika.

Hata hivyo si haki kuwahukumu madaktari wale kana kwamba walikuwa makatili. Dawa za nusukaputi huweza kudhoofisha moyo na pumzi, na mwili wa kichanga ni dhaifu. Waliogopa kuua. Palipo na hofu ya namna hiyo, imani kwamba mtoto hahisi kitu huwa faraja kubwa kwa mpasuaji.

Aliyeipima imani hiyo kwa makini alikuwa Kanwaljeet Anand, daktari mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya utafiti Oxford, Uingereza. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa taarifa juu ya watoto njiti 16 waliohitaji kupasuliwa. Wote walipewa hewa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli. Wanane kati yao waliongezewa fentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu. Damu yao ilipopimwa, wale wanane wengine walikutwa na ongezeko kubwa zaidi la homoni ambazo mwili humwaga unapoteseka, na baada ya upasuaji walipata matatizo mengi zaidi. Basi dawa iliyoogopwa ndiyo iliyokuwa kinga. Mwaka huohuo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka kwamba wachanga wapewe dawa za kuondoa maumivu wanapopasuliwa.

Je, mtoto husahau? Utafiti uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 1997 uliwafuata wavulana 87 walipokuwa wakichanjwa katika umri wa miezi minne hadi sita. Waliotahiriwa uchangani bila ganzi walilia na kuonyesha maumivu zaidi kuliko wasiotahiriwa. Waliopakwa ganzi walikuwa katikati. Mtoto hana simulizi ya tukio, lakini mwili wake ulikuwa umejifunza. Na mwaka 2015 watafiti wa Oxford walitazama bongo za wachanga waliolala, huku nyayo zao zikiguswa kwa kijiti kisichochubua ngozi. Kati ya sehemu 20 za ubongo zinazoamka mtu mzima anapoumizwa, 18 ziliamka kwa wachanga pia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni yake haki ya kusikilizwa. Kichanga hana maoni ya kutoa mbele ya baraza. Homoni katika damu yake na mshtuko wa ubongo wake ndio ushahidi alio nao.

Katika nchi zetu mtoto huchomwa sindano ya kifua kikuu mara azaliwapo, kisha nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo hizo ni lazima, na maumivu yake ni ya muda mfupi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtoto apakatwe badala ya kulazwa mezani, chanjo inayouma zaidi itolewe mwisho, na mama amnyonyeshe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Hayo hayahitaji dawa wala fedha. Yanahitaji kiti cha mama, na mhudumu aliye tayari kusubiri mtoto ashike ziwa.