Usipulize Kaseti! Matunzo ya Mtambo wa Michezo wa Zamani

Wako wazazi wengi ambao katika utoto wao walicheza michezo ya televisheni, nao sasa wangependa watoto wao waione. Huutoa mtambo wa zamani kabatini, wakauunganisha, wakabonyeza swichi. Taa nyekundu yawaka na kuzimika, yawaka na kuzimika, na televisheni haionyeshi kitu. Hapo wengine husema, "Huu umekwisha kufa," wakautupa. Twawaambia, ngojeni kwanza. Mara nyingi mtambo haukufa. Ni mchafu tu.

Tuchukue mfano wa mtambo mmoja ulio mashuhuri, uitwao Nintendo Entertainment System. Kampuni ya Nintendo ya Japani iliuza mtambo wake wa kwanza wa kaseti, Family Computer, mwaka 1983. Mwaka 1985 ikaupeleka Marekani kwa umbo jingine, sanduku la kijivu lenye mlango mbele. Kaseti huingizwa mlangoni, kisha hubonyezwa chini. Taabu nyingi za mtambo huu zaanzia hapo mlangoni.

KWA NINI TAA YAPEPESA?

Ukingoni mwa kaseti mna vipande vyembamba vya madini, navyo hugusana na meno 72 yaliyo ndani ya mtambo. Kila kaseti iingiapo, meno hayo hupindwa kidogo. Miaka ikipita hulegea, na vumbi na ukungu huyashika.

Tena mtambo huu una mlinzi. Ni chipu ndogo, na ndani ya kaseti mna mwenzake. Wawili hao husemezana daima, ili kaseti isiyo halali isichezwe. Uchafu ukikata maneno yao, mlinzi hudhani mgeni ameingia, akaurudisha mtambo mwanzo kila sekunde moja. Ndiyo sababu taa yapepesa. Basi taa hiyo si dalili ya kifo. Mara nyingi ni dalili kwamba meno hayagusani vema.

PUMZI YADHURU

Watoto wa siku zile, Marekani na kwingineko, walikuwa na dawa yao: kuitoa kaseti, kuipuliza kwa nguvu, na kuirudisha. Mara nyingi mchezo uliwaka, nao wakaamini kwamba pumzi imeponya. Lakini sivyo. Kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, maana vipande vilisuguana na meno na kupata mahali pa kugusana upya. Pumzi ya mtu ina unyevu na mate. Unyevu huo hukaa juu ya madini, nayo hupata kutu polepole. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wake wasipulize. Hivyo mtoto aliyekipenda chombo chake kuliko wote ndiye aliyekidhuru kuliko wote, kwa kuwa upendo wake haukuwa na maarifa.

JINSI YA KUSAFISHA

Kwanza, chomoa waya wa umeme. Nawa mikono, ukaikaushe.

Pili, chukua kijiti cha pamba na spiriti safi isiyo na mafuta wala rangi. Chovya kidogo tu, kisha pangusa vipande vya kaseti pande zote mbili. Pamba ikitoka nyeusi, chukua nyingine, mpaka itoke nyeupe. Maandishi yaliyo nyuma ya kaseti hukataza spiriti na viyeyushi vingine kama hivyo. Kwa hiyo usimwage, wala usiipake plastiki au karatasi ya jina. Gusa madini peke yake, kisha acha yakauke kabisa. Usitumie msasa, kwa maana hula madini yenyewe.

Tatu, kama kaseti zote ni safi na taa yazidi kupepesa, yafaa kuusafisha mlango. Fungua sanduku kwa bisibisi ya nyota. Weka skrubu katika kisahani, na uandike kila moja ilitoka wapi. Kipande chenye meno 72 huchomolewa kwa mkono, nacho husafishwa vilevile. Kikiwa kimechoka, viko vipya viuzwavyo, ingawa vingine hubana kaseti mno.

Nne, ganda la nje lioshwe likiwa peke yake, bila kitu cha umeme ndani, kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Likiwa limegeuka manjano, usidhani ni uchafu. Plastiki ile ilitiwa dawa ya kuzuia moto, na jua na joto huibadili rangi. Liweke mbali na dirisha, usilisugue bure.

MAJINA MATATU

Kaseti nyingine zina kumbukumbu. Mchezo wa The Legend of Zelda, uliotoka Marekani mwaka 1987 katika kaseti ya rangi ya dhahabu, huweka majina ya wachezaji watatu na safari ya kila mmoja. Kumbukumbu hiyo haidumu yenyewe. Hulindwa na betri ndogo ya duara ya volti 3. Betri ikiisha, majina yafutika yote. Katika nyumba nyingine jina mojawapo ni la ndugu aliyekwisha kufariki, na hakuna fundi awezaye kulirudisha.

Kwa hiyo usingoje. Vipo vifaa vya kunakili kumbukumbu ya kaseti na kuiweka katika kompyuta. Fanya hivyo kabla betri haijaguswa. Kisha fundi wa redio aweke betri mpya iliyo tayari na vibati vyake, maana ni hatari kuichoma betri yenyewe kwa moto wa kulehemu. Na kila unapomaliza mchezo huu, shikilia kitufe cha Reset huku ukizima, ili kumbukumbu isiharibike.

UMEME

Hapa pana hatari kubwa. Adapta ya Marekani hutumia umeme wa volti 120. Ukiichomeka katika umeme wetu wa Afrika Mashariki, ambao ni wa volti 230 au 240, itaungua. Lazima pawe na transfoma ya kupunguza nguvu. Wala usibadilishane adapta za mitambo miwili kwa kuwa tundu zafanana: ile ya Marekani hutoa umeme wa kupishana, na Family Computer ya Japani yataka umeme wa mkondo mmoja. Na televisheni ya zamani yenye kioo cha tumbo usiifungue kamwe, hata ikiwa imezimwa. Umeme uliobaki ndani waweza kuua.

Ndugu wazazi, kazi hii yafaa kufanywa na watoto mezani, Jumamosi mchana, mmoja akishika kisahani cha skrubu, mwingine akihesabu vijiti vya pamba. Watajifunza kwamba kitu kilichozimika si lazima kitupwe, na kwamba tumewekwa duniani tuwe mawakili wa vitu, wala si waharibifu. Spiriti isipokauka, msiwashe. Ngojeni pamoja.