Kilo za Mpanda, Springi za Kwadi

Injini imezimwa na mlango wa gereji umefunguliwa nusu, lakini mpanda amevaa kila kitu: helmeti, buti ndefu, kinga ya kifua, hata mkoba wa maji mgongoni. Amekaa juu ya Yamaha Raptor 700 kama mtu anayesubiri bendera ya mbio ishushwe. Nyuma yake rafiki amepiga magoti, futi ya chuma mkononi. "Tulia hapo, usiegemee," anamwambia. Anapima kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi alama ya chaki kwenye bodi, kisha anasoma: milimita 535. Dakika chache kabla, kwadi ikiwa juu ya jeki na tairi zikining'inia, futi hiyohiyo ilisoma 640. Milimita 105 zimemezwa na uzito mtupu, na safari haijaanza.

Shokapu ya nyuma aliyofungiwa asubuhi hiyo ni ya kampuni yenye jina, na bado iko katika hali nzuri. Tatizo ni moja tu: aliyeiuza ni mpanda mwembamba, naye alikuwa ameiseti kwa kilo zake.

Kwenye kwadi za michezo, zile pikipiki za magurudumu manne zilizoundwa kwa kasi na kuruka, kilo za mpanda ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Raptor 700 ikiwa na petroli na oili ina uzito wa takriban kilo 192. Mtu wa kilo 85 akivaa vifaa vyake vyote hufika 95 hivi, yaani nusu ya uzito wa mashine. Mtu huyohuyo akiingia kwenye gari dogo la kilo 1,100, gari halishtuki. Kiwanda hakimjui atakayenunua, kwa hiyo huseti shokapu kwa mtu wa wastani. Mwembamba hutikiswa mpaka meno yagongane, na mnene hugonga mwisho wa shokapu kila akitua.

Na kutua ndiko kwenye kazi. Kwadi ikidondoka kutoka urefu wa mita moja na nusu hugusa ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, moja kwa moja kwenda chini. Mwendo huo wote inabidi umalizike ndani ya nafasi ambayo gurudumu linaweza kupanda. Kwenye Raptor 700 nafasi hiyo ni milimita 231 mbele na 256 nyuma, pungufu ya rula ya mwanafunzi.

Mashine hizi hazikuanza na anasa hiyo. Honda ilipoleta ATC90 sokoni mwaka 1970, ilikuwa na magurudumu matatu na haikuwa na shokapu hata moja. Tairi zake nene zenye hewa kidogo ndizo zilizobeba mishtuko yote, na mgongo wa mpanda ukamalizia zilizobaki. Katika miaka ya 1980 Suzuki ilileta magurudumu manne, na LT250R yake ya mwaka 1985 ikaonyesha kwamba kwadi inaweza kujengwa kwa ajili ya mbio. Zile za magurudumu matatu zilipinduka na kujeruhi watu wengi mno, na mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuziuza mpya. Kuanzia hapo, vita vya mauzo ya kwadi za michezo vikahamia kwenye injini na shokapu.

Soko la shokapu za kubadilisha lilikuwa limekwisha kuota mizizi kwenye pikipiki. Bob Fox alianza kutengeneza zake huko California mwaka 1974. Kenth Öhlins, aliyekuwa mwanamichezo wa motokrosi, akafungua kampuni yake Sweden mwaka 1976. Leo wapanda kwadi wanazijua pia Elka za kutoka Québec, Kanada. Jozi ya mbele peke yake inaweza kupita dola 1,000, na kwa fedha hizo mtu ana haki ya kuuliza ananunua nini.

Shokapu ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kuhifadhi nguvu ya mshtuko. Ingeachwa peke yake, ingeirudisha nguvu hiyo yote na kumrusha mpanda kama jiwe la manati. Sehemu ya pili, iliyo ndani ya bomba, ndiyo inayoizuia. Humo pistoni hupita katikati ya mafuta, na mafuta hulazimika kupenya kwenye matundu madogo yaliyofunikwa na vibati vyembamba vya chuma. Vibati hivyo hupinda kidogo mafuta yakisukumwa kwa nguvu. Msuguano huo hugeuza mshtuko kuwa joto, ndiyo maana ukigusa shokapu baada ya mbio unaweza kuungua vidole.

Joto likizidi, mafuta ya shokapu hafifu hutoa povu, na povu halizuii kitu. Hapo ndipo kikopo kilichobandikwa pembeni ya shokapu bora kinapolipa gharama yake. Huongeza mafuta na nafasi ya kupoa, na ndani yake gesi ya naitrojeni husukuma mafuta muda wote yasipate nafasi ya kutoa povu. Mgandamizo wa gesi hiyo unaweza kufika psi 200, wakati tairi za kwadi yenyewe hujazwa psi 4 au 5 tu. Fundi wa nyumbani hana sababu ya kufungua kikopo hicho. Kazi hiyo ni ya karakana yenye mtungi wa naitrojeni na vifaa vyake.

Kufunga ni rahisi kwa mtu aliyezoea spana. Kwadi huinuliwa kwa jeki chini ya fremu mpaka magurudumu yaning'inie, magurudumu hutolewa, kisha kila shokapu hufunguliwa boliti ya juu na ya chini. Bushi hupakwa grisi na boliti hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Shokapu ya nyuma huhitaji subira zaidi kwa sababu imeshikana na viungo vyenye bearingi, na bearingi zilizokula mchanga ni bora zibadilishwe hapohapo.

Makosa mengi hufanyika kabla ya spana kuguswa. Aliyefunga wishiboni ndefu, ile mikono yenye umbo la A inayoshika gurudumu la mbele, hawezi kununua shokapu iliyopimwa kwa wishiboni za kiwandani, kwa maana urefu wa shokapu na nguvu ya springi hutegemea mkono unaozisukuma. Ndiyo maana watengenezaji makini humuuliza mteja uzito wake, aina ya wishiboni na mahali anapoendesha. Anayejipunguzia kilo kwa aibu ataletewa springi za mtu mwingine.

Baada ya kufunga, usukani hugeuzwa kushoto na kulia kabisa ili kuhakikisha vikopo havigusi fremu na mipira ya breki haivutiki. Kimo cha kwadi kikibadilika, uelekeo wa magurudumu ya mbele nao hubadilika, kwa hiyo tairodi za usukani hupimwa upya.

Kisha huja kuseti, na kuseti huanza kwenye tairi. Tairi ndiyo springi ya kwanza kukutana na jiwe. Psi mbili za ziada zinaweza kumfanya mtu ailaumu shokapu ya dola mia kadhaa bure.

Baada ya hapo ndipo futi ya chuma inapotoka. Kipimo ambacho wengi huanzia ni kwamba mpanda akikaa na vifaa vyake, kwadi ibonyee karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu. Kwa milimita 256 za nyuma, hiyo ni kama 85. Yule mpanda wa gereji amebonyea 105, kwa hiyo rafiki yake anakaza ringi iliyo juu ya springi mpaka futi isome 555. Hesabu imetimia. Lakini mpanda akishuka, kwadi inabonyea milimita 5 tu kwa uzito wake yenyewe, kana kwamba imesimama kwenye vidole vya miguu. Maana yake springi ni laini mno kwa kilo 95, na kuibana kumeficha tu udhaifu huo. Inayohitajika ni springi ngumu zaidi, na ringi ilegezwe. Mbele mambo hutofautiana kidogo. Shokapu za mbio zenye springi kadhaa zilizopangwa juu kwa juu huwa na kimo maalumu cha fremu kutoka sakafuni, na hapo anayefuatwa ni mtengenezaji.

Vifundo vya kuzungusha huguswa mwisho. Kila kimoja hufungwa taratibu mpaka kikome, kisha hufunguliwa huku kliki zikihesabiwa na kuandikwa. Kifundo cha chini, cha kurudi, hudhibiti kasi ya shokapu kujinyoosha. Ikijinyoosha haraka mno, kwadi hupiga teke na kuinua nyuma baada ya kuruka. Ikichelewa, kwenye matuta mfululizo kila tuta huikuta bado imekunjika, mpaka magurudumu yanakosa nafasi ya kupanda. Vifundo vya kwenye kikopo hudhibiti kubonyea, na shokapu za hali ya juu huwa na viwili. Kimoja ni cha mwendo wa pole, kama kwadi inapolala kwenye kona, na kingine ni cha mwendo wa kasi, kama inapotua au kugonga jiwe. Kasi inayozungumziwa hapa ni ya pistoni, wala haihusiani na kipima mwendo.

Kanuni ya mafundi ni kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kliki mbili, kisha kurudia njia ileile shokapu ikiwa imepata moto.

Mahali nako kuna neno lake. Wapanda wengi wa kusini mwa California huelekea Glamis, kwenye ukanda wa vilima vya mchanga wenye urefu wa zaidi ya kilomita 60. Huko mchanga laini hupokea vizuri mshtuko wa kutua, lakini matuta mfululizo kati ya kilima na kilima hayaishi, na kifundo cha kurudi ndicho kinachotafutwa zaidi. Kwenye uwanja wa motokrosi, wenye udongo mgumu na miruko mirefu, mpanda huyohuyo ataongeza kuzuia kubonyea. Marcos na Alejandro Patronelli, ndugu wa Argentina walioshinda mbio za Dakar upande wa kwadi mara tano kati ya mwaka 2010 na 2016 kwa Raptor 700, walikutana na mawe, vumbi na mchanga ndani ya mbio moja.

Wiki mbili baadaye, gereji ileile. Springi mpya, ngumu zaidi, imefungwa na kusetiwa 555, na imekwisha kwenda Glamis na kurudi. Springi mpya hukaa kidogo baada ya safari za kwanza, kwa hiyo mpanda amevaa tena helmeti na buti, na rafiki yake amepiga magoti tena. Futi inasoma 551. Anaiandika namba hiyo kwenye daftari chini ya ile ya kwanza, kisha ananyoosha mkono kuchukua spana yenye ndoano.