Kaske inasikia lakini haisemi: fanya nini mbele ya kununua ingine



Tuseme siku ya kuzungumza bei imefika. Sekretere wa koperative pale Lweba amewasha ordinatere ya biro, amevaa kaske, na mnunuzi wa Bukavu yuko kwenye laini. Sekretere anasikia kila neno. Mnunuzi anataja bei ya kilo moja ya kosete za muhogo. Sekretere anajibu kwamba bei hiyo iko chini sana. Kule upande wa pili, kimya. "Allo? Allo? Hamunisikii?" Mwishowe laini inakatika, na bei inabaki ile ya mnunuzi.

Hapo wengi wanasema: "Mikro imekufa," na pesa ya koperative inatoka kununua kaske ingine. Lakini mara nyingi hata ile mpya haisemi, kwa sababu shida haikuwa kwenye kaske. Kwa hiyo, mbele ya kutoa pesa, fuata hatua hizi. Tunaanzia inje, kwenye waya, na kumalizia ndani ya ordinatere.

1. Angalia waya

Kaske nyingi ziko na kibonye kidogo kwenye waya, au pembeni ya sikio, cha kufunga mikro. Kinaguswa bila mtu kujua. Kisukume upande wa pili, kisha sema tena. Angalia pia kama waya haukukatika karibu na fishi, pale unapokunjwa kila siku.

2. Hesabu pete nyeusi za fishi

Kama kaske yako ni ya USB, ruka hatua hii na ya tatu. Kama ni ya fishi ya mviringo, iangalie vizuri. Fishi moja yenye pete nyeusi tatu inabeba sauti ya masikio na mikro pamoja. Imetengenezwa kwa ajili ya simu. Ukiichomeka kwenye shimo la masikio la ordinatere, utasikia vizuri, lakini sauti yako haitapita, kwa kuwa shimo lile halina njia ya mikro. Ndiyo maana kaske hiyo hiyo inasema vizuri kwenye simu, na kwenye ordinatere inakuwa bubu.

Dawa yake ni waya mfupi wa kugawa: upande mmoja shimo moja, upande wa pili fishi mbili, moja ya masikio na moja ya mikro. Dukani angalia sana, kuna waya unaofanana nao wa kusikilizisha watu wawili pamoja. Huo hautakusaidia.

3. Angalia shimo

Kwenye ordinatere nyingi, shimo la kijani ni la masikio, la waridi ni la mikro, na la buluu ni la kuingiza sauti kutoka chombo kingine. Usichanganye. Kama umechomeka mbele na haifanyi kazi, zunguka nyuma ya kasha. Mara ingine mashimo ya mbele hayakuunganishwa kwa ndani. Sukuma fishi mpaka mwisho, na kama kuna vumbi, ipanguse kwa kitambaa kikavu.

4. Ingia ndani ya ordinatere

Kwenye Windows 10 ya Kifaransa, fungua "Paramètres", kisha "Système", kisha "Son". Pale "Entrée", chagua mikro ya kaske yako. Ordinatere inaweza kuwa imechagua mikro ya kamera bila wewe kujua. Sema kidogo: kama mstari unacheza, sauti inaingia. Kama inaingia kidogo tu, ongeza nguvu ya mikro.

Rudi kwenye "Paramètres", fungua "Confidentialité", kisha "Microphone". Kama ruhusa imefungwa hapo, hakuna programu itakayokusikia, hata kaske ikiwa nzima. Mwisho, angalia ndani ya programu ya kupigia kama hukufunga mikro huko.

5. Pima kwa sikio

Bado kimya? Chomeka fishi ya masikio kwenye shimo la waridi, kisha semea ndani ya sikio la kaske, karibu kabisa. Usishangae: spika ndogo ya sikio inaweza kufanya kazi kama mikro, ijapokuwa sauti yake ni ndogo. Kama mstari wa "Entrée" unacheza, shimo liko zima, na mikro ya kaske ndiyo imeharibika. Sasa unaweza kununua ingine bila wasiwasi.

Mbele ya siku ya mkutano

Usingoje saa ya kuzungumza bei. Siku moja mbele, rekodi sauti yako kwa programu ya "Enregistreur vocal" na uisikilize. Fundisha watu wawili, si sekretere peke yake. Andikeni hatua hizi kwenye karatasi na muibandike karibu na ordinatere. Na simu iwe na chaji na unite, kusudi kaske ikikataa muendelee kwa simu.

Mavuno ni jasho lenu. Bei yake isiamuliwe na upande mmoja kwa sababu fishi iliwekwa kwenye shimo lisilo lake.