Je, Shauri Limekatwa? Misemo ya Kiingereza ya Kuchagua na Kuamua

Shikeni kalamu na daftari, na mwalimu wa darasa asimame karibu na ubao ili aandike kila msemo tutakaoutaja.

Leo hatujifunzi majina ya vitu. Twajifunza misemo, yaani maneno yasemayo jambo moja na kukusudia jingine. Sisi nasi tunayo mingi. Tukisema kwamba kijana fulani amepata jiko, mgeni aweza kwenda kulitafuta jikoni, kumbe kijana ameoa. Basi na Kiingereza kina majiko yake.

Tumechagua misemo ya kuamua kwa sababu nzuri. Mtu akikosea jina la tunda, watu watacheka kidogo na mambo yatakwisha. Lakini akikosea maana ya msemo wa kuamua, aweza kupoteza biashara, kazi au haki yake. Kwa hiyo katika kila msemo tutauliza swali moja tu: Je, shauri limekatwa, au bado?

Msemo wa kwanza ni "to make up your mind". Neno "mind" ni nia au akili. Sisi twasema kukata shauri: watu hushauriana, kisha mazungumzo hukatwa na jambo huamuliwa. Mwingereza, badala ya kukata, huunda: aikusanya nia yake mpaka ikamilike. Hata hivyo, hatuko mbali naye. Neno lake jingine la kuamua, "decide", lilitoka katika Kilatini, na huko maana yake ya asili ilikuwa kukata. Mtu akikuambia, "I have made up my mind," shauri limekatwa. Akisema, "I have not made up my mind," bado anafikiri, nawe waweza kuzidi kumweleza.

Msemo wa pili ni "to sleep on it". Tuseme unauza baiskeli. Mnunuzi anaitazama, anaijaribu, anauliza bei, kisha anasema, "Let me sleep on it." Neno "sleep" mnalijua: ni kulala. Je, mtu huyu ataka kulala juu ya baiskeli? La. Asema kwamba atalala na jambo hili moyoni, na kukicha atatoa jibu. Jihadhari hapa. Hajakubali, wala hajakataa. Ukimwambia mnunuzi wa pili aende zake kwa kudhani kwamba baiskeli imekwisha kuuzwa, na kesho yule wa kwanza asirudi, hasara ni yako. Afadhali umwulize, "When will you tell me?" yaani, utaniambia lini?

Msemo huu wafaa kuwa wako pia. Ukiletewa karatasi ya mkataba au ya mkopo, nawe hujaisoma ikakuelea, sema kwa upole, "I would like to sleep on it." Si maneno ya ufidhuli. Ni ombi la usiku mmoja, nawe katika usiku huo waweza kumwonyesha karatasi hiyo mtu unayemwamini. Haraka haraka haina baraka, na jina likiisha kuandikwa chini ya karatasi si rahisi kulifuta.

Msemo wa tatu ni "to sit on the fence". Neno "fence" ni uzio, kama ule uzungukao shamba. Fikirini mashamba mawili yaliyotengwa kwa uzio, na mtu ameketi juu yake, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Hajashuka upande wowote. Ndivyo Waingereza wamwelezavyo mtu asiyetaka kusema yuko upande gani katika mabishano au katika uchaguzi. Hapa pia shauri halijakatwa, lakini angalieni tofauti. Alalaye na jambo analifikiri. Aketiye juu ya uzio mara nyingi angoja aone upande upi utashinda. Msemo huu una lawama ndani yake. Kama mwenzako anafikiri kwa makini, usiseme kwamba yuko juu ya uzio, kwa maana utakuwa umemlaumu pasipo kukusudia.

Msemo wa nne ni "Hobson's choice", maana yake uchaguzi wa Hobson. Huyu Thomas Hobson alikuwa mtu wa kweli. Alikaa katika mji wa Cambridge, Uingereza, akafariki mwaka 1631. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua na mizigo kati ya Cambridge na London, na pia kukodisha farasi. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wateja wake, na kila mmoja alitaka farasi mwenye mbio kuliko wote. Farasi wazuri wakachoshwa, hali wengine wamesimama bure. Basi Hobson akaweka sheria: mteja atachukua farasi aliye karibu na mlango, na asipomtaka yeye hapati mwingine. Hivyo kila farasi alipata zamu ya kwenda na zamu ya kupumzika.

Sheria hiyo iliwafaa farasi. Lakini mtazameni mteja. Banda limejaa, macho yake yaona farasi wengi, na mkono wake wapewa mmoja tu. Ndiyo sababu Waingereza huliita jambo la namna hii uchaguzi wa Hobson: laitwa uchaguzi, lakini hamna cha kuchagua. Ndugu yake ni msemo wa sokoni, "Take it or leave it," yaani ukitaka chukua, hutaki acha. Hapa shauri limekatwa, ila hukulikata wewe.

Kwa hiyo msidanganywe na neno "choice". Mtu aweza kukuambia kwa sauti tamu, "The choice is yours," hali ameweka karatasi moja tu mezani. Usilisikilize neno peke yake, hesabu njia zilizo mbele yako. Ukiona mbili au zaidi, na kila moja waweza kuifuata, una hiari. Ukiona moja tu, huyo ni farasi wa karibu na mlango. Huenda akakufaa ukampanda, huenda asikufae ukaenda kwa miguu. Lakini ujue umepewa nini.

Msemo wa mwisho ni "to cross the Rubicon". Rubicon ni mto mdogo katika nchi ya Italia. Zamani za Warumi ulikuwa mpaka, na jemadari alikatazwa kuuvuka na jeshi lake kuingia Italia. Mwezi wa Januari, mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliuvuka na askari wake, na vita vya Warumi wao kwa wao vikaanza. Mto ulikuwa mdogo, lakini hapakuwa na njia ya kurudi na kusema, sikuvuka. Sisi twasema: Ukiyavulia maji nguo, huna budi kuyaoga. Basi ukisikia kwamba mtu "has crossed the Rubicon", fahamu kwamba shauri limekatwa kabisa, na wakati wa kumshauri abaki ng'ambo ya kwanza umepita.

Sasa zoezi. Mwalimu aandike sentensi hizi tatu ubaoni, nanyi mseme kama shauri limekatwa au bado.

1. "My uncle has made up his mind."
2. "The committee will sleep on it."
3. "He is still sitting on the fence."

Mmekwisha kujibu? Ni katika sentensi ya kwanza tu shauri limekatwa. Kamati ya sentensi ya pili itatoa jibu baadaye, na yule wa tatu bado yuko juu ya uzio.

Baada ya somo kaeni wawili wawili. Mmoja awe mwenye karatasi ya mkataba, mwingine awe mwenye kutakiwa kutia sahihi. Wa kwanza aseme, "Please sign here." Wa pili ajibu kwa adabu, "I would like to sleep on it." Kisha badilishaneni, mrudie mpaka maneno hayo yatoke kinywani bila kusitasita.

Kwa herini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.