Uzito wa Gari Uwanjani (3): Breki, Tairi na Urithi wa Chapman

Breki hugeuza mwendo wa gari kuwa joto, na gari likiwa zito joto nalo huzidi. Kwa hiyo BMW M5 iliyotoka 2024, yenye kilo 2,435 na nguvu farasi 727, haimfai dereva wa ridhaa anayelipia siku ya kujiendeshea katika uwanja wa mbio, hata kama kwenye barabara iliyonyooka itawaacha wengi.

Kwa kanuni ya nishati mwendo iliyoelezwa katika sehemu iliyopita, M5 yenye dereva wa kilo 75 ikipunguza mwendo kabla ya kona kutoka kilomita 180 hadi 90 kwa saa, breki hubeba jouli milioni 2.35 hivi. Lotus Elise ya 1996, yenye kilo 725, ikiwa na dereva huyohuyo, hubeba 750,000 tu. Tofauti hiyo hujirudia kila kona. Mafuta ya breki yaliyokwisha kunyonya unyevu huchemka, mvuke hujaa kwenye mipira ya breki, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Elise ilirithi fikra za Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, Mwingereza aliyeanza kuunda magari kwenye mazizi ya farasi nyuma ya hoteli ya baba yake huko Hornsey, London. Lotus Seven yake ya 1957 haikuwa na makorokoro, na wengi waliinunua vipandevipande wakaiunganisha nyumbani ili kuepuka kodi ya ununuzi. Mwaka 1962 gari lake la mbio, Lotus 25, liliacha kiunzi cha mabomba; ganda la alumini likawa ndilo uti wa mgongo wa gari, na Jim Clark akatwaa nalo ubingwa wa dunia wa 1963. Chasisi ya Elise, ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, ina kilo 68 hivi. Huo ni uhandisi wa kuheshimiwa kuliko injini yoyote kubwa.

Hata hivyo Chapman alipunguza uzito hadi kwenye vyuma visivyostahili kuguswa. Mwaka 1970, dereva wake Jochen Rindt alifariki katika uwanja wa Monza baada ya mhimili wa breki ya mbele wa Lotus 72 kukatika.

Tairi nazo huumia. Mzigo ukiongezeka mara mbili, mshiko hauongezeki mara mbili, hivyo gari zito huteleza mapema na kumaliza tairi haraka. Dereva wa ridhaa huanza kwa kutoa tairi la akiba, jeki na viti vya nyuma, kisha hufunga rimu nyepesi. Mikanda, vyuma vya kulinda paa na kizima moto havitolewi. Mwenye kununua gari la kujifunzia hupata zaidi kwa Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, isiyofika tani moja, kuliko kwa farasi mia saba.