Kula Chumvi Nyingi Si Sababu ya Kuachwa



Naomba nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya wazee wetu wanaopasukiwa na mshipa wa damu kichwani.

Mwaka 2022 mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, alikuwa akianika kahawa hapa Chonyonyo. Ghafla alishika kichwa akapiga ukelele. Alisema hajapata kuumwa kichwa namna ile tangu azaliwe. Akatapika, akazimia kidogo, akazinduka shingo imekaza. Zahanati tuliyokimbilia ilitupa dawa ya malaria na kuturudisha nyumbani.

Usiku ule ukoo ulikaa kikao. Baadhi ya ndugu walisema, "Mama amekula chumvi nyingi, mwacheni apumzike. Ng'ombe wasiuzwe bure." Nilikataa. Tuliuza ng'ombe wawili, alfajiri tukaanza safari ya hospitali ya rufaa. Picha ya CT scan ilionyesha damu imevuja kuuzunguka ubongo.

Daktari alinieleza kuwa ukuta wa mshipa ukidhoofu hufura kama kipovu, ndiyo anurizimu. Kikipasuka, wengi hufariki, na uzee huongeza hatari. Lakini umri peke yake si hukumu. Mgonjwa anayefika akiwa bado anazungumza ana matumaini makubwa kuliko aliyefika amezimia. Tena hatari ya kuvuja mara ya pili ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Ndipo nilipojua thamani ya siku tuliyopoteza.

Kipovu hicho hubanwa kwa klipu ndogo, kazi aliyoianza Dkt. Walter Dandy huko Marekani mwaka 1937. Njia nyingine ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa kutoka pajani na kukijaza kipovu nyaya laini, bila kufungua fuvu. Njia hii huwafaa wazee wengi.

Mama alibanwa klipu. Kwa miezi mitatu alikuwa akichanganya majina ya wajukuu, na tulimlisha kwa kijiko. Tulimzoesha kutembea hatua kwa hatua uani. Leo anatembea kwa fimbo na kumenya ndizi mwenyewe, ingawa huchoka upesi.

Nawaomba wahudumu wa zahanati: mzee akija na maumivu ya kichwa ya ghafla, msimalizie kwenye malaria. Mpelekeni mbele siku hiyo hiyo. Ndugu wasomaji, msimpe aspirini, maana huzidisha kuvuja damu. Wazee wapimwe shinikizo la damu na waache tumbaku.

Viongozi nao wahakikishe msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza unafika kijijini, ili uhai wa mzazi usipimwe kwa idadi ya ng'ombe.

Mkulima,
Chonyonyo, Karagwe.